Mpiga Mbiu wa Ubongoni

Msomaji mmoja wa Tanga ameniletea swali ambalo nusu yake ni malalamiko. Mama yake mzazi, anayekaribia miaka 90, amewashikia bango wajukuu wamfundishe kutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Kaweza. Sasa anataka kujua picha zinapitia wapi, na kwa nini simu ya jirani ina kamera tatu nyuma. "Dada, tumwache bi mkubwa apumzike au tuendelee kumwendekeza? Tunaogopa tusije tukamchosha akili bure."

Mwendekezeni. Jibu lingeishia hapo, ila nimepata kisingizio cha kuandika juu ya kitu ninachokipenda kupita kiasi, kwa hiyo aliyekuwa anasubiri habari za chumvi, presha na kutembea nusu saa kila siku anisamehe. Hayo ni kweli tupu, na mmeshaambiwa kliniki.

Tuanzie Uholanzi. Hendrikje van Andel-Schipper alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Smilde. Mwaka 1972, akiwa na miaka 82, aliandika kwamba akifa mwili wake wapewe wanasayansi. Miaka ikaenda, hafi. Alipotimiza 111 akapiga simu Chuo Kikuu cha Groningen kuuliza kama bado watamhitaji, maana alihofia ameshazeeka mno kuwafaa. Profesa Gert Holstege akaenda kumwona. Alimkuta bibi mwenye maneno yake, anayefuatilia siasa za kwao na za nje, na mshabiki wa Ajax asiyetaniwa. Akapimwa akili akiwa na miaka 112, akapimwa tena akiwa na 113, na matokeo yake yalikuwa juu ya wastani wa watu wa miaka 60 hadi 75.

Alifariki mwaka 2005, ana miaka 115. Ubongo wake ulipofunguliwa, mabonge ya amiloidi yanayoandamana na ugonjwa wa Alzheimer yalikuwa machache mno, na hilo ndilo lililotangazwa magazetini. Mimi nilinasa penginepo. Ripoti ya mwaka 2008 inataja, kwa sentensi moja kavu, sehemu ndogo ya shina la ubongo ambayo kwa bibi huyu ilikuwa na seli zaidi ya 16,000, idadi inayokutwa kwa watu wazima wenye afya wa miaka 60 hadi 80. Akili yake ilipimwa ikawa ya rika hilo, na seli za sehemu hiyo zilipohesabiwa zikawa za rika hilo hilo.

Sehemu yenyewe iko upande wa kisogo, chini, moja kulia na moja kushoto. Jina lake la kitaalamu ni la Kilatini, locus coeruleus, mahali pa buluu, kwa sababu seli zake hukusanya rangi inayobaki pale zinapotengeneza kemikali yao, na ukikata ubongo wa mtu mzima unaiona kwa macho. Mtoto huzaliwa hana rangi hiyo. Kiswahili hakijaipa jina. Nilijaribu "doa la buluu", nikaanza kufikiria sabuni ya kufulia. "Kituo cha buluu" kikawa cha polisi. Mhariri alitaka nibaki na Kilatini yaishe. Nitaiita kibuluu, wingi vibuluu, na asiyependa alete lake.

Kibuluu kimoja kina urefu wa kama milimita 15 na unene wa milimita mbili hivi. Seli zake, ukijumlisha pande zote mbili, ni makumi ya maelfu tu, ndani ya ubongo wenye seli za neva zinazokaribia bilioni 86. Lakini kila seli ya hapo hutoa uzi unaotawanyika matawi kwa matawi mpaka karibu hakuna pembe ya ubongo isiyofikiwa: pa kuonea, pa kusikilizia, pa kupangia mambo, na hipokampasi panapowekwa kumbukumbu. Kwa nyuzi hizo kibuluu humwaga hasa kemikali moja, noradrenalini.

Sasa chukua mji wa zamani wa pwani wenye mpiga mbiu mmoja. Hajui kushona nyavu, hajui kukanda unga, hajui patasi inashikwaje. Kazi yake ni pembe. Akiipuliza, mshona nyavu anasimamisha sindano, seremala ananyanyua patasi, na barazani wacheza bao wanabaki na kete mkononi. Mbiu haisemi jambo ni lipi. Inasema lipo. Kinachofuata ni kila mtu kwa ujuzi wake: kama ni chombo kimeingia, wavuvi na wachukuzi wanakimbilia pwani na seremala anarudi kwenye mbao zake. Noradrenalini hufanya kazi hiyo hiyo. Habari huingia kwa jicho na sikio. Kemikali hii inazipa nguvu seli zinazohusika na jambo lililotokea na kuzinyamazisha zilizokuwa zinapiga soga pembeni.

Na pembe ina adabu yake. Mwaka 2005 Gary Aston-Jones na Jonathan Cohen walieleza kwamba seli za kibuluu zina namna mbili za kutoa ishara: mdundo wa chini unaoendelea muda wote, na milipuko mifupi inayokuja pale kitu kisichotarajiwa, au chenye maana kwako, kinapojitokeza. Mdundo wa chini ukiwa wa wastani, milipuko hutoka vizuri. Huo ni mji tulivu wenye mpiga mbiu macho. Mdundo ukipanda mno, ni mpiga mbiu anayepuliza tangu alfajiri hadi magharibi: watu wanashtuka kila dakika, wanatoka, hakuna chombo, wanarudi, na hakuna wavu unaokamilika siku hiyo. Aliyewahi kukaa na mtu mwenye wasiwasi anaujua mji huo. Mdundo ukishuka sana, mpiga mbiu amejikunyata kivulini, na chombo kinaingia, kinashusha na kuondoka, mji hauna habari.

Mpiga mbiu huyu ana kazi nyingine ambayo haikujulikana mpaka juzijuzi. Wafagiaji nao humsikiliza. Ubongo una seli zake za usafi, na katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2010 na kundi la Michael Heneka, noradrenalini ilipokosekana seli hizo zilizembea na amiloidi ikarundikana. Pembe ikinyamaza, uchochoro unajaa taka.

Tatizo ni kwamba mpiga mbiu huchoka kabla ya wengine. Njia yake ni ndefu kuliko ya mtu yeyote mjini, na anaitembea peku: nyuzi za kibuluu ni nyembamba, hazina utando wa mafuta unaozikinga nyuzi nyingi nyingine, na kuziendesha kunakula nguvu nyingi. Heiko Braak na wenzake walipochunguza bongo za watu wa kila rika mwaka 2011, walikuta dalili za mwanzo kabisa za protini mbovu ya tau, ambayo nayo huandamana na Alzheimer, ndani ya kibuluu, hata kwa watu ambao hawajafika miaka 30. Miaka miwili baadaye Robert Wilson na wenzake wa Chicago, waliokuwa wamefuatilia wazee mpaka kufa kwao, walionyesha kwamba wenye seli nyingi zaidi kwenye kibuluu ndio waliopoteza akili polepole zaidi. Mwaka huo huo wa 2013 Ian Robertson wa Dublin akaweka wazo mezani: elimu, maswali, marafiki na kazi inayokuumiza kichwa humlinda mtu uzeeni kwa kuwa vyote vinakiita kibuluu, tena na tena, maisha yote.

Wazo hilo nalipenda kwa sababu linatuambia nini hakihesabiki. Redio iliyowashwa kutwa haihesabiki. Mchezo ule ule, na mpinzani yule yule ambaye mikono yake unaijua kabla hajacheza, hauhesabiki sana. Kibuluu kinajibu jambo ambalo hukulitabiri, na ili kitu kisitabirike ni lazima kwanza uwe umetabiri. Kwa hiyo wajukuu wa Tanga wanakosea sehemu moja. Wana haraka. Bibi akikwama wanamnyang'anya simu, vidole vinapita, tayari, shika. Wamwulize kwanza: "Bibi, unadhani tukibonyeza hapa kutatokea nini?" Abahatishe. Akosee. Kicheko kitakachofuata ni mlipuko wa kibuluu.

Mnaweza hata kukiona kikifanya kazi. Mboni ya jicho hupanuka na kusinyaa kwa mwanga, hilo kila mtu analijua, lakini mwanga ukibaki ule ule, sehemu ya mabadiliko yake hufuata shughuli za kibuluu. Mketishe mzee asiye na mtoto wa jicho karibu na dirisha, mtegee kitendawili, rekodi jicho lake kwa simu. Macho yetu ni meusi na mboni za wazee ni ndogo, kwa hiyo msogelee, asije akadhani unamtania. Mboni inapanuka akiwa anatafuta. Akilipata jibu, au akikata tamaa, inarudi.

Na kitendawili ni kifaa kizuri kuliko tunavyokithamini. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyeshindwa haambiwi jibu papo hapo, lazima kwanza atoe mji, na mtegaji anazunguka kwenye mji huo akijitapa huku wengine roho zikiwapaa. Mwaka 2014 Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifanya karibu hivyo hivyo maabara. Waliwauliza watu maswali, wakawasubirisha sekunde 14 kabla ya jibu, na katikati ya kusubiri wakawaonyesha sura ya mtu asiyehusika kabisa. Pale walipokuwa na hamu kubwa ya jibu, waliikumbuka zaidi na ile sura. Hamu ya kujua jambo moja ilibeba na lililopita njia. Jaribio jingine, la mwaka 2018, likaonyesha kwamba wazee nao hukumbuka zaidi majibu ya maswali yaliyowakereketa.

Ila jaribio ninalolihusudu ni la panya wa Edinburgh, lililochapishwa mwaka 2016 na Tomonori Takeuchi, Richard Morris na wenzao. Panya alijifunza chakula kimefukiwa mchangani upande gani. Baada ya saa moja anakumbuka. Kesho yake kasahau. Lakini nusu saa baada ya somo wakimweka kwenye sanduku lenye sakafu ngeni, asiyowahi kuikanyaga, kesho yake anakumbuka. Sakafu haikuhusiana na chakula hata kidogo. Seli za kibuluu zilirindima kwa ule ugeni, zikamwaga kwenye hipokampasi dopamini, kemikali ambayo hatukutarajia itoke huko, na kumbukumbu iliyokuwa ikififia ikashika. Basi bi mkubwa akimaliza somo la picha, mpitisheni mtaa asioupitia. Panya si bibi, lakini matembezi hayana gharama.

Kenya ina mifano miwili inayojulikana ya wazee walioanza kujifunza upya. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Januari 2004 katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, amevaa sare, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alitaka aisome Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alihutubia Umoja wa Mataifa, New York, na akafariki mwaka 2009. Baada yake alikuja Priscilla Sitienei, Gogo kwa wenzake, mkunga aliyezalisha wanawake kwa zaidi ya miaka 60, aliyejiunga na shule ya msingi huko Ndalat akiwa amekaribia miaka 90. Baadhi ya watoto aliokaa nao darasani aliwapokea kwa mikono yake siku waliyozaliwa. Pamoja na Biblia, alitaka kuandika dawa za miti alizozijua. Alifariki Novemba 2022, ana miaka 99, bado mwanafunzi.

Mtu mkaidi ataniuliza: ni udadisi uliowahifadhi, au waliohifadhika ndio wanaobaki na udadisi? Mama yake Hendrikje naye aligonga miaka 100, kwa hiyo damu ina lake. Ni swali zuri, na nafasi inaniishia.

Mpiga mbiu apate na usingizi wake. Seli za kibuluu, ambazo hazikomi kudunda mchana, hunyamaza kabisa katika ule usingizi wa ndoto nyingi. Bibi aliyeamka saa nane usiku kusikiliza ujumbe wa sauti hajitendei haki, na simu ikae sebuleni.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha jaribio la dawa iitwayo atomoksetini, inayoongeza noradrenalini, kwa watu 39 ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeanza kuyumba. Walimeza kwa miezi sita. Kipimo cha tau kwenye maji ya uti wa mgongo kilishuka kidogo. Majaribio ya kumbukumbu hayakusogea. Waliongezewa pumzi ya pembe bila jambo la kutangaza. Ningependa jaribio hilo lirudiwe, nusu ya wazee wapewe kidonge, na nusu nyingine waandikishwe darasa la kwanza.