Unga wa kipepeo

Wiki jana binti yangu aliingia nyumbani akilia, vidole vyake vimejaa unga mweusi unaong'aa. Alikuwa ameshika kipepeo, na wenzake walimwambia kwamba akijigusa macho atapofuka. Hata mimi nilikua na woga huo. Nilimnawisha kwa maji na sabuni, na macho yake ni mazima kabisa. Lakini swali lake ndilo lilinibakia: "Mama, nimemtoa rangi yake?"

Kwa kweli, kidogo amemtoa. Unga ule ni magamba. Bawa la kipepeo limefunikwa na maelfu ya magamba madogo sana, yamepangwa kama mabati ya nyumba, moja likilalia lingine. Chini yake kuna utando tu, mwembamba na usio na rangi. Gamba likitoka halioti tena. Na yana kazi nyingine: kipepeo akigonga nyuzi za buibui, magamba hubaki pale yamenata, mwenyewe anaponyoka.

Weusi na manjano kwa kawaida ni rangi iliyomo ndani ya gamba, kama ile ya kikwembe. Bluu mara nyingi si hivyo. Angalieni povu siku ya kufua: sabuni ni nyeupe, lakini juu ya povu unaona bluu, zambarau, kijani. Ni ngozi yake nyembamba inayoucheza mwanga. Magamba ya bluu hufanya vilevile.

Kuna mmoja wa hapa kwetu Kongo, mweusi mwenye mkanda wa bluu-kijani. Wanasayansi wanamwita Papilio nireus. Madume hukusanyika kwenye matope, na viwavi hula majani ya ndimu. Mwaka 2005, Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza namna magamba yake yanavyong'aa. Rangi iliyomo hupokea mwanga na kuutoa upya ukiwa bluu-kijani. Vitundu vyenye upana wa kama sehemu moja ya 4.000 ya milimita huuelekeza nje, na tabaka za chini huurudisha juu kama kioo, usipotee. Taa za LED zenye nguvu zilitengenezwa kwa mpango unaofanana na huo. Kipepeo alitangulia zamani!

Viwavi vitatu vya kwenye ndimu yangu nimeviacha. Binti naye sasa anaokota vipepeo waliokufa tu. Anageuza bawa polepole juani, bluu inawaka, inafifia, na wadogo zake wamepanga mstari wakingoja zamu.