Mkato na Maana: Misingi ya Kunasa Sauti na Kuhariri Filamu katika Mazingira ya Kivu ya Kaskazini

Kunasa sauti na kuhariri filamu ni kazi zinazohesabiwa kwa kawaida kuwa za mafundi, na ni nadra kujadiliwa katika idara za lugha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malighafi ya kazi hizo ni lugha yenyewe: usimulizi, mahojiano, nyimbo na ushuhuda. Makala haya yanaeleza dhana chache za msingi za ufundi huo na kuonyesha mahali ambapo kila moja inagusa maana ya usemi. Mifano inahusu eneo la Beni, Butembo na Lubero, ambako wakazi wengi husema Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni na redioni.

1. Maikrofoni na umbali

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954, alipita kando ya msitu wa Ituri akinasa muziki wa Wanande, Wabudu, Wabira, Wambuti na wengineo. Alizoea kutumia maikrofoni moja aliyoishika mkononi, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye chombo, kisha kwa waitikiaji. Kila aliposogeza mkono alikuwa akichagua nani asikike mbele na nani abaki nyuma. Kwa hiyo uhariri ulikuwa umekwisha kuanza kabla utepe haujakatwa popote.

Msingi wa jambo hilo ni kanuni rahisi. Mahali pa wazi, umbali kati ya chanzo cha sauti na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, kiwango cha sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Msimulizi aliyeko sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni akirudi nyuma hadi sentimita 80, sauti yake hupungua kwa desibeli 12, ilhali kelele za pikipiki au za mvua juu ya bati hubaki vilevile. Kuongeza sauti baadaye hakusaidii, kwani kelele nazo huongezeka kwa kiasi hichohicho. Dawa ni kuikaribia sauti inayotakiwa.

Kikwazo kingine cha wakati ule kilikuwa muda. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua takriban dakika 3 tu. Wimbo ambao kijijini huendelea kadiri wachezaji wanavyotaka ulipaswa kufupishwa au kufifizwa mwishoni. Msikilizaji wa leo asiyejua hilo anaweza kudhani kwamba umbo fupi analolisikia ndilo umbo asilia la utanzu, hali lilitokana na ukubwa wa santuri.

2. Sauti ya mahali

Hakuna ukimya mtupu. Chumba chenye madirisha wazi katika mji wa Butembo kina mvumo wake, na ukingo wa msitu karibu na Kasugho, jirani na Hifadhi ya Magorila ya Tayna, una wadudu, ndege na upepo wake. Mhariri akiondoa kikohozi cha msemaji na kuacha pengo tupu, sikio hushtuka mara moja. Ndiyo maana mnasaji mwangalifu hunasa nusu dakika ya sauti ya mahali palepale, bila mtu yeyote kusema. Sauti hiyo hutumiwa baadaye kujazia mapengo.

Sauti hiyo yaweza pia kutumiwa kuficha. Pengo likijazwa vizuri, hakuna anayetambua kwamba maneno yameondolewa. Ufundi unaolainisha usikilizaji ndio huohuo unaofuta alama za mkato.

3. Mkato

Uhariri wa filamu ni kuchagua vipande, kuvikata na kuvipanga. Mrusi Lev Kuleshov, katika majaribio yake ya miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1917, alionyesha kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na sahani ya chakula, husomwa kuwa na njaa. Ukifuatiwa na jeneza, husomwa kuwa na majonzi. Maana haikai ndani ya kipande kimoja, bali huzaliwa kwenye kiungo cha vipande viwili.

Katika sauti jambo hili ni kali zaidi. Filamu ya fremu 25 kwa sekunde ina fremu moja kwa kila milisekunde 40. Silabi moja ya usemi wa kawaida huchukua kama fremu 5. Tuchukue sentensi: "Si wao waliochoma nyumba hizi." Fremu 5 za mwanzo zikiondolewa, hubaki: "Wao waliochoma nyumba hizi." Sentensi imebaki sahihi kisarufi, lakini kanusho limegeuka shtaka. Katika Kiswahili cha Kivu, ambamo ukanushi huo mara nyingi husemwa kwa neno "haiko", mkato mrefu kidogo huleta matokeo yaleyale. Katika eneo la Beni, ambako raia wengi wameuawa katika mfululizo wa mashambulizi tangu Oktoba 2014, kosa la namna hiyo laweza kumgharimu mtu maisha yake.

Aidha, mwisho wa usemi hubeba maana. Katika Kiswahili, "Umefika Beni" huwa taarifa au swali kwa kiimbo peke yake. Mhariri akikata kabla sauti haijashuka, taarifa yaweza kusikika kama swali au kama kauli iliyosimamishwa njiani. Kinande kinadai uangalifu mkubwa zaidi kwa kuwa ni lugha toni. Larry Hyman alionyesha mwaka 1990 kwamba mipaka ya virai na ya sentensi katika Kinande huongeza toni zake juu ya toni za maneno. Neno lililotolewa katikati ya kirai na kuwekwa mwishoni halitakuwa na toni ya mwisho inayotarajiwa, hata kama konsonanti na vokali zake zote zimehifadhiwa. Msemaji wa lugha atasikia kasoro hiyo. Fundi asiyeijua lugha hataisikia.

4. Muziki

Muziki katika filamu ni wa namna mbili. Upo unaosikika ndani ya tukio lenyewe, kama vile redio ya dukani au kwaya ya kanisa, na upo unaowekwa juu ya picha baadaye. Wa kwanza ni sehemu ya ushahidi. Wa pili ni maoni ya mhariri. Picha ya mkulima anayetazama shamba lake, ikiwekewa ngoma ya shangwe au ala ya huzuni, humhukumu mkulima huyo kabla hajafungua kinywa. Wimbo nao una mahali pake: wa maziko ukiwekwa chini ya picha za harusi kwa sababu tu mdundo wake unalingana na mikato, wenye utamaduni huo watatahayari, ingawa mgeni atasifu.

5. Taratibu za kufuata

Kutokana na hayo, kanuni nne zaweza kupendekezwa kwa wanafunzi wanaokusanya fasihi simulizi au ushuhuda, iwe katika Chuo Kikuu cha Uhifadhi wa Asili na Maendeleo cha Kasugho au kwingineko. Kwanza, rekodi kamili ihifadhiwe bila kuguswa; mikato ifanywe kwenye nakala. Pili, usemi unukuliwe wote kwa maandishi kabla ya kukatwa, na kila mkato usikilizwe na mzawa wa lugha. Tatu, msemaji asikilizishwe toleo la mwisho kabla halijatolewa. Nne, shahidi anayehitaji kufichwa asibadilishiwe kidatu cha sauti tu. Kushusha kidatu chote kwa usawa hakuharibu toni, kwani toni hupimwa kwa kulinganisha silabi na silabi. Lakini kengele, mto au kinu kinachosikika nyuma yake chaweza kutaja kijiji chake waziwazi kuliko jina lake.

Kwa ufupi, mkasi wa mhariri hufanya kazi ya kisarufi. Anayeushika anapaswa kuijua lugha anayoikata, au kuketi na anayeijua.