Silva ya Kopo Moja, Mng'ao wa Aina Mbili

Msomaji mmoja wa Lurambi, Kakamega, anayechonga ndege ndogo za mbao, ameniletea swali zuri. Alikuwa amemaliza DC-3, ile ndege ya injini mbili iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 1935 na ambayo baadaye East African Airways iliitumia kwa miaka mingi. Akaipeleka kwa fundi wa rangi za magari pale barabara ya Navakholo inapochepuka. Fundi akaipiga silva, koti mbili nzito. Ilipokauka ikawa kijivu kilichopooza, chenye mabaka. Jana yake, fundi huyo huyo alikuwa ametumia kopo hilo hilo kupiga mlango wa gari, nao ukang'aa. Rangi moja imekuwaje na sura mbili?

Silva hiyo ni laka, na kemia yake nitairuka. Itoshe kujua kwamba hukauka kwa thina kuruka hewani, basi. Utamu wote umo katika aluminiamu.

Kopo la silva limejaa vipande bapa vya aluminiamu, kila kimoja kikiwa na upana wa maikroni 10 hadi 30 hivi na unene usiofika maikroni 1. (Milimita moja ni maikroni 1,000.) Mafundi wengi huviita unga, na silipendi jina hilo. Chembe ya unga ni ya mviringo. Hurusha mwanga kila upande, na jicho likaona kijivu. Mimi naviita magamba, kwa kuwa gamba lina uso na lina ukingo, na hapa kila kitu kinategemea uso umeelekea wapi.

Sasa chukua kidimbwi kwenye njia ya Msitu wa Kakamega baada ya mvua, kimejaa majani yaliyopukutika. Maji yakiwa mengi, kila jani hukaa litakavyo: hili limesimama wima, lile limeinama, jingine limelala. Kisha jua linawaka na maji yanapungua. Jani lililosimama linakosa nafasi. Juu uso wa maji unalikandamiza, chini tope linalizuia, halina budi kulala. Kidimbwi kikikauka, majani yote yamejilaza bapa, moja juu ya jingine, na hakuna mkono uliokuja kuyapanga.

Rangi hufanya vivyo hivyo, kwa sababu moja ninayoipenda mno: inaponywea haipungui upana, maana imeshika mbao. Inapungua kina tu. Tuseme umepiga tabaka la maikroni 60, thina ikaruka, zikabaki 10. Kina kimepungua mara sita. Gamba lililokuwa limeinama digrii 45 sasa limebaki na digrii 9 na nusu tu. Na kioo kikiinama, mwanga unaorudi hupinda mara mbili ya pembe hiyo. Lile gamba la awali lingetupa mwanga digrii 90, pembeni kabisa. Hili linaupotosha digrii 19 tu. Yazidishe hayo kwa mamilioni ya magamba na unapata bawa linalometa ukilitazama kutoka mbele na kufifia ukisogea kando, sawasawa na chuma.

Turudi kidimbwini, safari hii kikiwa kirefu. Juu thina inaruka na uso unapoa. Chini bado kuna majimaji ya vuguvugu. Mikondo inaanza, hii inapanda, ile inashuka, na majani yanageuzwageuzwa. Laka inakaza kabla hayajatulia. Pale magamba yaliponaswa yakiwa yamesimama, unaona baka jeusi. Tabaka jembamba halina kina cha kutosha kuzungusha mikondo hiyo. Nilipomdadisi msomaji, alisema mlango ulipigwa ukiwa wima. Bila shaka fundi aliogopa rangi isichuruzike, akapiga nyembamba. Ndege aliilaza mezani na kuimwagia.

Kwa hiyo punguza rangi kwa thina nyingi, piga koti nyembamba tatu au nne, na kila moja ikauke kwanza. Chini yake weka nyeusi yenye kung'aa, juu ya mbao iliyosuguliwa kwa msasa laini hadi nyuzi zake zipotee, kwa sababu magamba hufuata kila mkwaruzo. Ndivyo wanavyofanya watumiaji wa Alclad II, laka ya ndege za mfano iliyopewa jina la bati la Alclad la mwaka 1927: aloi ngumu iliyovikwa aluminiamu safi pande zote mbili, bati lililovisha DC-3 zenyewe. Ukiwa na modeli ya plastiki, jaribu kwanza kwenye kipande, kwani thina huiyeyusha. Na vaa barakoa yenye kichujio.

Limebaki la hewa. Thina ikiruka upesi hupoza rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Kakamega mvua inapokaribia, maji hutua juu ya laka ambayo haijakauka na kuipaka ukungu mweupe. Mvua za huko hupenda kunyesha alasiri. Mwambie fundi apige saa nne asubuhi, siku ya jua, kwa thina inayokauka polepole.