Hatari za Ndege za Kunyunyizia Dawa Mashambani

Ndege ilianza kutumika kumwaga sumu ya wadudu mwaka 1921 huko Ohio, Marekani. Katika Afrika Mashariki, ndege za aina hii hutumika kupambana na nzige na kwelea kwelea. Ili dawa ya mazao ifike kwenye mimea bila kupeperushwa na upepo, rubani huruka takriban mita 3 tu juu ya shamba. Kimo hicho ndicho chanzo cha hatari nyingi.

Hoja muhimu

(a) Vizuizi. Waya wa umeme ni mwembamba na hauonekani kwa urahisi, hasa jua linapompiga rubani machoni. Nguzo na miti huonekana kabla ya waya wenyewe.

*Mfano:* Ndege inaruka kwa 180 km/h, yaani 50 m/s. Rubani akiuona waya ukiwa umbali wa mita 200, muda alionao ni 200 ÷ 50 = sekunde 4. Katika muda huo lazima aone, aamue na apandishe ndege.

(b) Kukosa nafasi ya kujiokoa. Injini ikizimika juu angani, rubani ana muda wa kutafuta mahali pa kutua. Akiwa mita 3 kutoka ardhini, muda huo haupo.

(c) Kona kali. Mwisho wa kila mstari ndege hugeuka. Ikilala kwa pembe ya 60° bila kupoteza kimo, mabawa hutakiwa kutoa kani mara mbili ya uzito wa ndege. Mwendo wa chini unaoiwezesha kubaki hewani huongezeka kwa takriban mara 1.4: kama ulikuwa 100 km/h, sasa ni 141 km/h. Ikienda polepole zaidi ya hapo, huanguka.

(d) Mzigo na joto. Tangi likijaa, ndege huwa nzito. Hewa ya joto ina densiti ndogo, hivyo mabawa na injini hupungukiwa nguvu.

(e) Sumu na uchovu. Baadhi ya viuatilifu hudhuru mfumo wa fahamu. Rubani na wapakiaji wa dawa huweza kupata kizunguzungu na kutoona vizuri.

Njia za kupunguza hatari

- Kukagua shamba na kuweka alama kwenye waya na nguzo kabla ya kuruka.
- Kuvaa kofia ngumu, mikanda na mavazi ya kujikinga na sumu.
- Kupunguza mzigo wakati wa joto kali, na kupumzika.
- Kutumia droni panapofaa, kwani haibebi mtu.

Zingatia: Watahiniwa wengi hutaja hatari bila kueleza sababu. “Waya” pekee si hoja kamili. Eleza kwa nini rubani hushindwa kuukwepa.

Swali la marudio

Kwelea kwelea hunyunyiziwa dawa jioni wanaporudi kulala. Eleza hatari mbili zinazomkabili rubani wakati huo.

*Mwongozo:* Mwanga hafifu huficha vizuizi. Makundi ya kwelea kwelea huweza kugonga kioo au injini.