Jamaa wa Kale wa Perege

Katika mabeseni ya wauza samaki wa Babati, mji uliokaa kandokando ya ziwa lenye jina lake, samaki wawili ndio wanaotangulia kuonekana: kambare mwenye sharubu na perege mwenye magamba. Kambare tumwache leo. Habari yetu ni ya perege, na anayetaka kuifahamu sawasawa na amshike mmoja mkononi, amwelekeze penye nuru, amtazame kwa utulivu kabla ya kumpeleka jikoni. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande wa kichwa. Perege ana tundu moja tu. Mstari wa ubavuni, ambao kwa samaki wengi huanzia nyuma ya shavu ukaendelea hata mkiani bila kukatika, na ambao ndio humwezesha samaki kuhisi mtikisiko wa maji, kwa perege hukatika njiani kisha ukaanza tena chini kidogo. Na akipasuliwa koo, huonekana humo taya la pili, gumu, lenye meno madogo madogo, ambalo kazi yake ni kusaga chakula, ilhali taya la mdomoni limebakiwa na kazi ya kukikamata.

Hizo ndizo alama za kabila kubwa ambalo wataalamu huliita siklidi, na ambalo Mwenyezi Mungu amelijalia kuenea katika maziwa yetu kuliko jamii nyingine yoyote ya samaki. Sato ni wa kabila hilo, na fulu wa Ziwa Viktoria ambao spishi zake zakadiriwa kufikia 500 ni wa kabila hilo, na kadhalika umati wa samaki wenye rangi za kupendeza wa Tanganyika na Nyasa. Namna spishi nyingi kiasi hicho zilivyotokea ndani ya maji yaliyozungukwa na nchi kavu ni suala ambalo limewashughulisha wanazuoni wa maumbile kwa muda mrefu. Walakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba mabaki ya siklidi walio miongoni mwa wakongwe kabisa waliopata kugunduliwa duniani yametoka katika mkoa tunaopakana nao, huko Singida.

Msafiri atokaye Babati hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang, akafika Singida mjini. Na kutoka hapo, mwendo wa kilomita takriban 65 kuelekea magharibi, ndipo palipo Mahenge. Hii si Mahenge ya Ulanga, ile mashuhuri kwa historia yake na vito vyake, bali ni mahali pa kimya katika nyanda za juu za Singida, ambapo mtu asiyeelezwa angeweza kupita na kwenda zake asihisi kuwa amekanyaga ziwa.

Maana ziwa lilikuwapo. Zamani hizo, kabla Hanang haujazaliwa, na kabla Bonde la Ufa halijakata nchi yetu kama tunavyoiona sasa, mwamba wa moto ulipanda kutoka kina kirefu mno cha ardhi, ukakutana na maji na hewa, ukalipuka na kuacha shimo la duara. Mwamba wenyewe ni wa aina ile ile ambayo huko Mwadui, Shinyanga, ilibeba almasi alizozigundua Dakta John Williamson mwaka 1940. Shimo likajaa maji, na katika maji hayo tope laini likawa linatua polepole, tabaka juu ya tabaka, nyembamba mfano wa karatasi. Wakati wake umepimwa kwa chembe za madini ya zirkoni, ambazo ndani yake urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika dahari na dahari. Na hesabu ikatoka kuwa ni miaka karibu milioni 46 iliyopita.

Sifa ya ziwa la namna hii ni utulivu wake, nami naona utulivu huo wastahili kusemwa kwa urefu. Katika bahari za zama hizo hizo waliogelea samaki wakubwa wenye pua ndefu, jamaa wa nduwaro na sulisuli ambao wavuvi wa mkondo wa Pemba huwajua vyema. Mmojawapo ni Xiphiorhynchus, ambaye mabaki yake yamepatikana katika udongo wa mfinyanzi wa Uingereza. Lakini ukimtafuta Xiphiorhynchus leo, aghalabu hupati ila pua yake, na hata hiyo mara nyingi ni kipande tu, kwa kuwa mzoga wa samaki mkubwa baharini hutatuliwa na walaji na mawimbi, kikasalia kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Samaki wa Mahenge, aliye mdogo hata alingane na kidole cha mtu, amesalia kichwa, miiba ya pezi la mgongoni, mbavu na mkia, kila kitu mahali pake, kwa sababu alizama taratibu katika maji yasiyotikisika na kufunikwa na tope kabla hajavurugwa.

Wa kwanza kuyatilia maanani mawe hayo walikuwa watafutaji wa almasi, si wavuvi wala wanazuoni wa samaki. Mwanajiolojia Mannard aliyachunguza mashimo ya Singida kwa ajili hiyo, na jina lake limehifadhiwa katika popo wa kale wa hapo hapo Mahenge, Tanzanycteris mannardi, aliyetangazwa mwaka 2003. Mwaka 1960 Humphry Greenwood wa jumba la makumbusho la Uingereza alimweleza samaki mdogo aliyemwita Palaeodenticeps tanganikae, na mwaka 1967, akishirikiana na Colin Patterson, akaeleza mwingine ambaye jenasi yake yote ikapewa jina la Singida. Baadaye walikuja Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na Charles Msuya na wenzao, wakachimba kwa mpango. Wakapata vyura, na majani ya miti ya jamii ya mikunde, yakiwamo ya mgunga mmoja wa jenasi ya Acacia uliopewa jina la mahali penyewe.

Siklidi wakapewa jina mwaka 2000, pale Alison Murray wa Kanada alipowakusanya katika jenasi moja, Mahengechromis, na kuwagawa katika spishi tano. Kuna plethos, ambaye ndiye aliyepatikana kwa wingi. Kuna rotundus mwenye mwili wa mviringo, na ellipticus aliyerefuka kidogo. Kuna brachycranium mwenye fuvu fupi, na curvifrons ambaye paji lake limepinda. Tofauti hizo ni ndogo, na jicho lisilozoea lingewachukua wote kuwa kitu kimoja. Lakini mwaka uliofuata Murray akatoa hoja nzito katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya London: kwamba samaki watano wanaofanana kiasi hiki, wasiopatikana pengine popote, ndani ya ziwa dogo lililotokana na shimo la volkeno, yamkini wametokana na mzazi mmoja aliyeingia humo na kizazi chake kikagawanyika humo humo. Ikiwa ni hivyo, basi jambo tunalolistaajabia kwa fulu wa Viktoria lilikwisha kufanyika Singida mamilioni ya miaka kabla ya Viktoria kuwa ziwa.

Wako wanaoitazama hoja hii kwa tahadhari, na tahadhari yao ina haki, kwani samaki mchanga hufanana na samaki wa spishi nyingine, na dume huweza kutofautiana na jike. Mintarafu ukoo mzima pia kuna mjadala: siklidi wapo Afrika, Madagaska, India na Amerika ya Kusini, na baadhi ya wataalamu walidhani kuwa walitawanyika bara kuu la kale la Gondwana lilipopasuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Matt Friedman na wenzake ulipima visukuku vilivyopo, ukaona kabila hili ni changa kuliko mpasuko huo, hata ikalazimu kusema kuwa mababu wa perege walivuka maji ya bahari. Kwangu mimi hoja hii ina uzito, kwa kuwa kabla ya enzi za Mahenge miamba haijatuonyesha siklidi hata mmoja.

Na hoja ya Murray imepata shahidi aliye hai, tena katika nchi hii hii. Wilayani Rungwe liko Ziwa Masoko, nalo ni shimo la volkeno, upana wake mita kama 700 tu. Mwaka 2015 Milan Malinsky na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba siklidi wa ziwa hilo wamo katika kugawanyika mbele ya macho yetu, na kwamba mgawanyiko ulianza miaka baina ya 500 na 1,000 iliyopita. Madume wanaokaa ufukoni ni wa rangi ya manjano, na wale wa kilindini ni wa buluu iliyokoza. Rangi haisalii katika jiwe. Lakini makundi hayo mawili yanahitilafiana pia katika umbo la mwili na kichwa, na katika lile taya la kooni, na hizo za mwili na kichwa ni za aina ile ile ambayo Murray aliipima kwa samaki wa Mahenge.