Jambazi au Mtuhumiwa? Magazeti na Amri ya Nane

Katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, wapita njia wengi husimama penye meza ya magazeti, husoma vichwa vya habari tu, kisha huendelea na shughuli zao. Kwao kichwa cha habari ndiyo habari yote. Kikisema "jambazi", hukumu imekwisha kutolewa.

Yatupasa kutofautisha maneno matatu. Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa; mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani; mhalifu ni yule ambaye mahakama imemwona na hatia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Hatari ya kuyachanganya ilidhihirika Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam wakiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi iliwaita majambazi waliouawa katika mapambano. Rais aliunda tume ya Jaji Musa Kipenka, nayo ikabainisha kwamba hawakuwa majambazi. Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa mwaka 2009. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi.

Chanzo cha kosa la namna hii chaeleweka. Mwandishi ana muda mfupi, polisi ndio walio tayari kusema, na marehemu hana msemaji. Tena kukamatwa kwa mtu huuza gazeti kuliko kuachiwa kwake.

Amri ya Nane, kama ihesabiwavyo katika Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, haikatazi uongo wa mahakamani tu. Yatuagiza pia kulitetea jina la jirani. Naye Nikodemo (Yohana 7:51) aliwauliza wakuu kama sheria humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Je, uhalifu ufichwe? La hasha. Mwenye duka aliyeporwa naye ni jirani yetu, na anayo haki ya kusikiwa. Lakini katika mji ambamo kelele ya "mwizi!" yaweza kumwua mtu kabla polisi hawajafika, tuwafundishe Wakristo kuuliza kila wasomapo: Ni nani asemaye? Mahakama imesema nini? Mtuhumiwa amesikilizwa? Asiyeweza kujibu hayo asilirudie neno hilo kwa jirani yake.