Kanali aliyewatetea wasio na ardhi

Mwishoni mwa Oktoba 1647, maofisa na askari wa kawaida wa jeshi la Bunge la Uingereza walikusanyika Putney, kando ya Mto Thames, kujadiliana namna nchi itakavyotawaliwa. Vita dhidi ya Mfalme Charles wa Kwanza walikuwa wameshinda na mfalme mwenyewe alikuwa mikononi mwao, lakini askari wengi walikuwa bado wanadai mishahara yao.

Oliver Cromwell aliongoza kikao. Mkwewe, Henry Ireton, alishikilia kwamba kura ni haki ya mwenye mali. Kwa utaratibu wa mashambani wakati huo, mpiga kura alikuwa mwenye ardhi inayomwingizia walau shilingi 40 kwa mwaka. Kanali Thomas Rainsborough, mbunge wa Droitwich, akampinga. Fukara naye, alisema, ana maisha yake ya kuishi kama alivyo nayo bwana mkubwa, na asiyeshirikishwa kuiweka serikali hafungwi na amri zake. Kisha akauliza: askari huyu alikuwa akipigania nini muda wote huu? Kujitia utumwani na kuwapa matajiri mamlaka juu yake?

Utumwa haukuwa jambo geni nyumbani kwa kina Rainsborough. Mwaka 1637 baba yake, nahodha William, aliongoza merikebu hadi Salé, Moroko, na kurudi na mamia ya mateka waliokombolewa kutoka utumwani.

Ireton alijibu kwamba wasio na kitu wakipewa kura watagawana mali za wenye nacho. Hofu hiyo ndiyo iliyoshinda. Mimi naiona hoja ya Rainsborough kuwa nzito zaidi, ingawa wanawake hakuwataja.

Mwaka 1648, akiwa makamu wa admirali, mabaharia waliasi na kumkatalia kupanda merikebu yake. Oktoba 29 mwaka huohuo, wafuasi wa mfalme kutoka Pontefract walijaribu kumteka mjini Doncaster; alipopambana nao wakamuua. Umati mkubwa ulimsindikiza kaburini Wapping, na utepe wa kijani cha bahari ukawa alama ya wenye msimamo wake.

Maneno yake ya Putney yaliandikwa na karani William Clarke kwa hati ya mkato, yakakaa Oxford bila kusomwa na umma hadi C. H. Firth alipoanza kuyachapisha mwaka 1891. Waingereza wanaume wasio na mali walipata kura wote mwaka 1918. Wanawake wakalingana nao mwaka 1928.